Kijiti Kilichoandikwa Ua

Mama yangu alianza kusoma akiwa na miaka arobaini na kitu, na hakufika mbali. Alifika ukurasa wa nne. Najua ni wa nne kwa sababu kitabu chenyewe ninacho mpaka leo, na kurasa nne za kwanza zimechakaa kwa vidole vyake, zimeshika rangi ya chai na udongo, huku zilizobaki zikiwa safi kama siku kilipotoka dukani. Kwenye ukurasa wa pili kuna picha ya ua, na chini ya picha pana herufi mbili kubwa. Jirani zetu wote waliambiwa kwamba mama aliacha kusoma kwa ajili ya macho. Si kweli. Mimi ndiye niliyemwachisha, na nimelificha jambo hili miaka mingi kuliko alivyoishi dada yangu.

Dada yangu sikumwona. Alikufa kabla sijazaliwa, akiwa na miaka mitatu, na jina lake ndilo jina langu. Kwetu Giakanja, na milima yote ile ya Nyeri, binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Hakuna kuchagua. Akifa angali mdogo, jina halizikwi naye. Msichana anayefuata hulichukua kama anavyochukua gauni la aliyemtangulia. Mimi ndiye niliyefuata. Nyanya mwenyewe, mwenye jina, ndiye aliyenieleza siku moja tukimenya maharagwe, nikiwa na miaka kumi hivi. Alisema tu, "Wewe ni wa pili," akaendelea kumenya. Nilipomuuliza wa kwanza yuko wapi, alinionyesha kwa kidevu upande wa ng'ambo ya mto, mahali palipokuwa na kile kijiji.

Kile kijiji kilikuwa cha wakati wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, watu walipoondolewa mashambani mwao na kukusanywa pamoja ndani ya uzio. Baba alikuwa kizuizini. Mama na wanawake wenzake walikuwa wakitolewa asubuhi na askari kwenda kuchimba mtaro kando ya msitu, na kurudishwa jioni. Jioni moja aliporudi alikuta mtoto ameshazikwa. Watoto walikuwa wanakufa wengi siku hizo, kwa njaa na kwa kuhara, na waliopewa kazi ya kuzika hawakuwa wakingoja wazazi. Alionyeshwa mahali kwa kidole tu: pale karibu na uzio, nguzo ya tatu kutoka langoni. Mwingine akasema ya nne.

Hakuruhusiwa kukaa pale, wala kuweka msalaba. Jiwe lingeondolewa. Basi siku chache baadaye, kule mtaroni, akaona ua la msituni, la buluu, lenye kijimkia nyuma yake, na juu ya shina lilelile kulikuwa na maganda yaliyokwisha kukauka. Akayachuma, akayafunga kwenye pindo la leso. Alipopita karibu na uzio alijifanya amejikwaa, akainama, akazimwaga mbegu katikati ya nguzo ya tatu na ya nne. Hivyo ndivyo alivyoliwekea alama kaburi la mtoto wake. Hata mbuzi walipokuja kulishwa pale miaka ya baadaye hawakuligusa lile ua, maana ni chungu.

Ua lile halifi kwa mwaka mmoja kama maua ya kuchanua na kwisha. Linakauka wakati wa jua la Januari, unaona ardhi tupu, ukadhani limeisha, kisha mvua ya masika ikinyesha linarudi kutoka mizizini. Baada ya vijiji kuvunjwa na kila mtu kupewa shamba lake, mama alikuwa akienda kuliangalia kila mwaka. Hakuwahi kunichukua. Baba, aliyerudi kutoka kizuizini akawa mwashi na kufanya kazi Murang'a, akija nyumbani mwisho wa mwezi, hakutaka habari hiyo ndani ya nyumba yake. Alikuwa akinishika kichwa na kusema, "Mtoto wangu ni huyu." Nilimpenda sana kwa neno hilo.

Nilipokuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni, uhuru ukiwa umekwisha kuwa kitu cha kawaida, ikaamuliwa kwamba uwanda ule wa kijiji cha zamani utengenezwe uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Mama alisikia jioni. Alfajiri alikwenda na jembe na kikapu, akiwa na nia ya kung'oa shina zima alete nyumbani, akakuta trekta imeshapita. Udongo ulikuwa umesukumwa pembeni, mwekundu, umechanganyika na vipande vya nguzo za zamani. Alitafuta mpaka saa nne. Alichopata ni bua moja lililovunjika, likiwa na maganda manne makavu. Nyanya alinisimulia kwamba alirudi akiwa ameyashika kwa viganja viwili, kama mtu abebaye maji.

Basi kaburi likawa chini ya uwanja wa mpira, na dada yangu akawa mbegu thelathini na kitu, nyeusi, zenye pembe kama mbegu za kitunguu, ndani ya fundo la leso.

Nusu ya mbegu hizo mama alizipoteza kwa kufuata alichojua. Sisi ni wakulima. Mbegu hungoja mvua ya masika, ikapandwa kwenye udongo laini wenye samadi, ikaota baada ya wiki. Alifanya hivyo. Alitengeneza kitalu nyuma ya jiko, akauchekecha udongo kwa mikono, akapanda, akamwagilia. Hakikuota kitu. Likizo ya Aprili nilimkuta akichuchumaa pale kila asubuhi na kikombe cha chai kilichopoa, akiukodolea macho udongo. Nilimwambia mbegu zimeoza. Nilikuwa msichana wa kuwaambia watu ukweli, hasa ukweli wasioutaka.

Kisha akakumbuka kitu. Kule kwenye uzio alikuwa amezitupa mbegu kabla ya ile baridi ya Julai, wakati ukungu unaposhuka kutoka mlimani na kukaa mwezi mzima bila jua. Hazikuota kabla ya baridi. Ziliota baada yake. Akasema, "Hii mbegu inataka kuonja taabu kwanza." Akachukua nusu iliyobaki, akaichanganya na mchanga wa mtoni ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, akaufukia mkebe hadi shingoni kando ya kijito, mahali ambapo hata mchana vidole hufa ganzi. Uliishi huko Julai na Agosti. Mvua ya vuli ilipokaribia akaurudisha, akaumwaga kwenye kitalu.

Oktoba yakatokea majani mawili mawili, madogo kama ukucha wa mtoto. Yalikuwa kumi na moja. Kuku na viwavi wakala manne, mama akazungushia vijiti vya miiba, yakabaki saba. Niliporudi Desemba yalikuwa na majani yaliyopasukapasuka kama ya dania, na hakuna hata moja lililoonyesha dalili ya kuchanua. Januari yakanyauka yote.

"Yamekufa," nikamwambia.

"Imerara," akasema mama.

Hapo nilicheka. Ulimi wetu huko juu hauna l. Kila mtu anasema r, lakini mimi shuleni nilikuwa nimepewa zawadi ya Kiswahili, na kazi yangu kila likizo ilikuwa kusahihisha nyumba nzima. "Si imerara, mami. Ni yamelala. Maua, ya-me-la-la." Mama alirudia baada yangu kwa utiifu kabisa, akakosea tena, akacheka mwenyewe. Hakuwa na aibu. Mimi ndiye niliyekuwa nayo, kwa niaba yake.

Lakini si Kiswahili chake kilichokuwa kinanitafuna. Kulikuwa na jambo jingine. Masika ilipofika na majani yale yakarudi kweli, saba yote, mama alianza tabia ya kuyasemesha. Alfajiri, kabla ya kukamua ng'ombe, alikuwa akienda nyuma ya jiko na kuita jina. Jina langu. Mara ya kwanza nilitoka mbio nusu nimevaa, nikidhani kuna jambo.

"Naam, mami?"

Aligeuka, akaniangalia kama mtu aliyeshtuliwa. "Si wewe," akasema.

Sikuwahi kusikia maneno mawili mabaya kuliko hayo. Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kwa upole, jinsi unavyomwambia mtu aliyebisha mlango usio wake. Tangu siku hiyo, kila nilipoitwa ndani ya boma letu nilisimama kwanza, nikasikiliza sauti ilikotoka, ndipo niitike. Mpaka leo nikiitwa kwa jina langu barabarani huwa nachelewa kujibu, na watu hufikiri nina maringo.

Mwaka huohuo mama alijiunga na ngumbaru. Ndivyo tulivyokiita kisomo cha watu wazima. Wanawake wa kilima kizima walikuwa wakikutana kanisani Jumanne na Alhamisi alasiri, na watoto wao migongoni, wakiimba a, e, i, o, u. Barua zake nilizipata shuleni. Ya kwanza ilikuwa jina lake tu, limeandikwa mara saba, likiteremka upande wa kulia kama mtu anayeshuka kilima. Ya pili ilikuwa na maneno ya ukurasa wa kwanza na wa pili: au, ai, ua. Wasichana wenzangu walizipokezana wakicheka, nami nikacheka nao. Usiku nilizitia ndani ya foronya.

Niseme sasa habari ya vijiti, maana bila vijiti huwezi kunielewa. Mwaka ule viazi vya Tetu, tarafa yetu, vilipata ugonjwa wa kunyauka. Bwana shamba akawa anapita boma kwa boma na mzigo wa vijiti, na kila mahali alipoona kiazi kimeugua alichomeka kijiti. Penye kijiti, ung'oe na uchome moto, mzizi na jani. Hata watoto wadogo walijua: kijiti ni hukumu. Kwetu alichomeka vitano.

Niliporudi likizo ya Agosti nilikuta vijiti sita. Cha sita kilikuwa nyuma ya jiko, kwenye kitalu cha mama. Kilikuwa cha mti wa mkangazi, kimechongwa vizuri, na juu yake mama alikuwa ameandika kwa ncha ya msumari uliotiwa moto, herufi nyeusi, nzito, zilizonyooka kuliko zile za barua. UA.

Siku ile ya tatu ya likizo mama alikuwa anakwenda soko la Karatina na kabichi. Lori lilikuwa linapita saa kumi na mbili. Niliamka mapema, nikawasha moto, nikachemsha chai, nikampelekea kikombe. Nilitaka tu anywe chai yangu kabla ya kwenda. Nikamsikia nyuma ya jiko akiita jina, kwa sauti laini kabisa, na mimi kwa upumbavu wangu nikajiambia, leo ni mimi, ananiita nilete chai.

"Nimekuja, mami."

"Si wewe," akasema, bila hata kugeuka. Akapokea kikombe, akashukuru, akanywa nusu, iliyobaki akaimimina polepole kwenye mashina yale, kama wazee wamwagavyo kinywaji chini kwa waliotangulia. Kisha akanipa kazi za siku: ning'oe viazi vilivyowekewa vijiti, nivichome, nipalilie maharagwe. Akabeba mzigo wake, akaenda.

Nilianza na viazi. Nilifanya kazi kwa hasira na kwa hivyo nikafanya kazi nzuri. Penye vijiti vyote vitano nilimaliza kabla ya saa tatu. Kisha nikazunguka jiko na jembe la meno mkononi, nikasimama mbele ya kijiti cha sita.

Kwa miaka mingi nimewasimulia watu kisa hiki kama kichekesho. Nimekisimulia harusini. Nimewaambia wanafunzi wangu, maana nilikuja kuwa mwalimu, na mwalimu wa Kiswahili, cheka ukitaka. Huwa nasema: mama yangu aliandika ua, maana yake ua la kupandwa, nami nikasoma ua, maana yake ua, maliza, toa roho, tazameni, watoto, jinsi lugha yetu inavyoweza kukuponza. Wanacheka. Ni kosa ambalo lingeweza kumpata mtu yeyote wa kwetu mwaka ule, na vijiti vile, na ugonjwa ule.

Lakini halikunipata. Nilisimama pale na nikayasoma maneno yote mawili. Nilikuwa na zawadi ya Kiswahili, jamani! Nilizijua barua zake. Nilijua ukurasa wa pili na picha yake. Nilijua hata kwamba mama hakuwa bado amefundishwa kitenzi hata kimoja. Nilisoma ua, nikaelewa ua, kisha nikachagua lile lingine kwa sababu lilikuwa pale, tayari, likinipa ruhusa kwa mwandiko wake mwenyewe.

Mizizi yake ilikuwa mirefu kuliko nilivyofikiri, myeusi, imepindana kama vidole. Mingine ilikatika. Nilibeba mashina yote saba nikayatupa juu ya moto wa viazi. Yalikuwa mabichi, yakatoa moshi mweupe uliokaa bondeni mpaka saa sita, na nyanya, ambaye siku hizo alikuwa haoni vizuri, aliuliza kutoka kitandani ni nini kinachonuka hivyo. Nilimwambia ni viazi. Nilikichomoa kile kijiti nikakirudisha palepale, nikakisimamisha wima, ili kila mtu aone kwamba nilikuwa nimetii.

Mama alirudi jioni. Alikuwa ameninunulia kalamu ya wino, ya kwanza maishani mwangu, imefungwa ndani ya kipande cha gazeti. Alinipa kabla ya kuweka kikapu chini. Kisha akaenda nyuma ya jiko.

Nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa, kijiti kiko mkononi, anapitisha kidole gumba juu ya herufi.

"Hapa umesoma nini?" aliniuliza kwa Kiswahili. Kwa mambo mazito hatukuwahi kutumia Kiswahili sisi kwa sisi. Tulikuwa na lugha yetu.

"Nimesoma ua, mami. Kuua. Kama ile ya viazi."

Alifikiri. Niliona midomo yake ikitamka herufi moja moja. "Lakini kwa kitabu yangu, hiyo ni ua. Maua. Iko na picha."

"Hapa hukuchora picha, mami."

"Ni ukweli," akasema. "Sikuchora." Akaendelea kukitazama kijiti. "Kumbe ni mimi. Nimeandika vibaya. Nimeandika waniulie mtoto."

Ningeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa mafupi. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, nakumbuka baridi ikiingia kinywani. Badala yake nikasema, "Pole, mami," na yeye akanishika bega kunifariji. Alinifariji mimi. Usiku ule kijiti kilichemsha chai.

Jumanne iliyofuata hakwenda ngumbaru, wala Alhamisi. Mwalimu wao akaja kuuliza, mama akamwambia macho yanauma. Kitabu kikapanda juu ya kabati. Kila muhula nilileta fomu za shule za kutiwa saini na mzazi. Zamani za barua zile alikuwa ameanza kuandika jina lake, taratibu, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo. Sasa alitoa kidole gumba, akakipaka wino wa kalamu yangu, akagandamiza. Karani wa shule alisema mbele ya wenzangu, "Mzazi wako hajui kusoma?" Nikasema hajui. Fomu zile zilinikodolea macho mpaka nikamaliza shule, jicho moja la zambarau kila muhula.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Mama alinibeba mgongoni ndani ya nguo miaka miwili.

Mizizi niliyoikata haikufa yote. Mvua ya vuli ilipokuja likachipua shina moja pembeni ya kitalu, na mama akalizungushia mawe, bila kijiti, bila neno. Aliacha kuliita jina. Nilidhani ningefurahi. Nikilala nilisikiliza alfajiri, nikisubiri aite, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko "si wewe." Mwaka uliofuata lilichanua, buluu ya mbali, yenye kijimkia, na sikuweza kulitazama nikiwa peke yangu. Nilikuwa nikizunguka upande wa zizi ili nisipite pale.

Nilipoolewa na kuhamia Nyeri mjini, mama alinipa mbegu ndani ya fundo la leso. "Wewe umesoma," alisema. "Utajua kuzitunza." Nilizitia ndani ya droo. Zilikaa humo kisha zikaharibika. Akanipa nyingine, nazo zikaharibika. Kila mwaka alikuwa akiuliza, nami kila mwaka nikasema udongo wa mjini ni mbaya.

Miaka ya themanini ilipokuwa inakwisha, baba amefariki, nyanya amefariki, mama akaja kuishi kwangu. Magoti yalikuwa yamekataa kilima. Alikuja na sanduku moja, na ndani yake kulikuwa na kile kitabu na mbegu mpya. Safari hii nilizipanda. Sikuwa na kijito, kwa hiyo nilizichanganya na mchanga ndani ya mkebe nikaziweka kwenye friji, chini ya maziwa, wiki sita. Mama alifungua friji siku moja akitafuta siagi, akaniita.

"Hii ni nini?"

"Ni zile mbegu, mami. Zinaonja baridi."

Akautazama mkebe. "Umeweka dada yako kwa friji," akasema, na tukacheka mpaka akalazimika kukaa. Ilikuwa mara ya kwanza mmoja wetu kulitamka neno dada mbele ya mwenzake.

Ziliota tano. Nilimtengenezea mama kiti kidogo kando ya kitalu, akawa anaota jua hapo asubuhi, amejifunga shuka, mlima ukiwa mbele yake siku ambazo mawingu yaliuachia. Na asubuhi moja, nikiwa nafua nguo upande wa pili wa nyumba, nikamsikia akiita jina.

Sikuitika. Niliendelea kufua. Akaita tena, kwa nguvu, halafu tena, kisha akaniita kwa hasira hivi kwamba jirani alichungulia juu ya uzio. Nikaja nikifuta povu mikononi.

"Wewe masikio imeziba? Si nakuita?"

"Nilidhani unamwita yeye, mami."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na utando, lakini alikuwa ananiona. "Huyo nimemwita miaka yote," akasema. "Hata siku moja hajaitika. Nani huwa anaitika?"

Nilikaa chini, kwenye majani yenye umande, miguuni pake. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini, mwalimu, mama wa watoto wawili, na nilikuwa nalia kamasi zikitoka. Nikamwambia. Nikamwambia kwa lugha yetu, si kwa Kiswahili, lakini neno moja lile nilipaswa kulisema kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa. "Siku ile ya kijiti nilisoma ua, mami. Maua. Nilijua ni ua. Sikukosea. Niliyang'oa nikijua."

Hakunigusa. Maji ya bomba nililoacha wazi yalijaza karai na kuanza kumwagika. Nilitazama mikono yake juu ya shuka. Kidole gumba kilikuwa kinapapasa kitu kisichokuwepo, polepole, chini kisha juu, kama kinachofuata herufi.

"Kumbe niliandika sawa," akasema.

Nilingoja aseme jingine. Angeweza kunilaani, na sisi huiogopa sana laana ya mama. Angeweza kunisamehe. Hakufanya hata moja. Uso wake ulikuwa umegeukia kitalu, na ulikuwa na mshangao, karibu furaha, wa mtu aliyeambiwa kwamba mtihani aliofeli zamani alikuwa ameupita.

"Ukurasa wa pili," akasema tena, kwa Kiswahili. "Niriandika sawa kabisa." Sikumsahihisha. Kisha akainua mkono akanionyesha jiko.

"Nenda uniletee msumari. Na uweke kwa moto."